Fundo Alilofunga Ivor

Saa moja asubuhi, umande umeganda mweupe juu ya bati la banda, na Ivor Scandrett ananoa kisu cha tatu. Viwili vya kwanza vipo kwenye ndoo ya maji ya moto, chini ya ndoana anazotundikia nyama. Ana miaka sabini na tisa. Watu wa kijiji chake cha Haast wakichinja ng'ombe au wakipiga kulungu porini, humletea yeye akate.

"Umeamka kabla ya kuku," anasema mkewe, Noeline, akimwekea kikombe cha chai juu ya gogo la kukatia.

"Kuku hana kazi."

"Anakuzidi. Yeye anataga."

Pikapu inaingia uani. Anashuka Shayla Tauroa, nesi wa zahanati, ambaye jana mchana alipiga kulungu jike wa kama kilo hamsini. Alimbeba mgongoni peke yake, mwendo wa saa mbili, na leo anatembea kama mtu aliyeanguka ngazi.

Ivor anamtazama yule mnyama nyuma ya pikapu. Miguu ya nyuma imetobolewa katikati ya mfupa na mshipa, miguu ya mbele imepenyezwa kwenye yale matundu, na kila upande umewekwa kijiti ili mguu usichomoke. Ukimwinua anakuwa kama begi la shule: unaingiza mabega, unasimama, unaondoka.

"Nani kakufundisha kubeba hivi?" anauliza.

"Teoti Manihera. Ana darasa la wawindaji kule Hokitika, kila Jumamosi."

Ivor anarudi kunoa. Kisu kile kilishapata makali, lakini anaendelea kukinoa tu.

Yeye na Teoti waliwinda pamoja miaka mitatu, kuanzia 1964. Nyama ilikuwa inasafirishwa hadi Ujerumani. "Wajerumani wanakula, sisi tunabeba," Ivor anasema. Mnunuzi aliwalipa kama shilingi mbili kwa ratili, na gari lake liliishia mwisho wa barabara. Kutoka kambi yao juu ya mto Landsborough hadi kwenye gari hilo ni saa sita kwa miguu. Mawe, matope, mito midogo isiyohesabika. Kwa siku mbili nzuri walishusha kulungu wanne, kila mtu na safari mbili.

"Nguo hazikuwahi kukauka," anasema. "Ulikuwa unavaa suruali imeganda kama ubao. Unaipiga kwanza kwenye mti ndiyo mguu uingie."

Baadaye zikaja helikopta, zikafanya kwa asubuhi moja kazi yao ya wiki nzima. Lakini wakati huo Teoti alikuwa ameshaacha. Goti lake la kulia lilivunjika mtoni, Juni 1967, na kuwinda kukaishia hapo. Akaenda kunoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao.

Shayla anasaidia kutundika mnyama. Anaongea huku akivuta kamba.

"Yule mzee ana vituko! Somo la kwanza tu anakunja suruali, anatuonyesha goti. 'Mnaliona hili? Hili nililipata kwa upunda wangu. Mtoni unatoa kijiti cha upande mmoja, ukianguka mzigo uondoke na maji wenyewe. Mimi nilifunga fundo kavu, lisilofunguka, nikaingia nalo.' Halafu analia kama punda. Darasa zima hatuna mbavu."

Noeline anacheka. Ivor hacheki.

"Anasema alifunga yeye?"

"Kila mara. Tena ana wimbo wake wa punda."

Ivor anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Noeline anamuuliza kama kifua kinambana. Anatikisa kichwa.

"Nilifunga mimi," anasema.

Asubuhi ile, anaeleza, vijiti vya Teoti vilikuwa vinachomoka kila hatua kumi. Ivor alikuwa nyuma yake. Akang'oa jani la harakeke, lile refu lililo gumu kama kamba, akafunga miguu ya yule mnyama pande zote mbili. Kwa kawaida walifunga fundo la kuvuta, ukishika mkia wake linafunguka. Vidole vya Ivor vilikuwa vimekufa kwa baridi. Akafunga lililowezekana.

"Akaniuliza bila kugeuka, 'Umeweka la kuvuta?' Nikasema ndiyo. Nilijua tukifika mtoni nitalifungua. Lakini yeye akawahi, akaingia."

Maji yalimbeba mita mia mbili, kulungu yuko mgongoni. Ivor alimkuta amekwama kwenye mawe, akakata jani kwa kisu. Teoti alilala hospitali siku mbili bila fahamu. Alipoamka hakukumbuka chochote tangu chai ya asubuhi.

"Mama yake alikuwa amekaa pale kitandani. Akaniuliza, nani alifunga mzigo? Nikamwambia, alifunga mwenyewe." Ivor anajifuta mikono kwenye aproni, ingawa mikono ni mikavu. "Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilidhani nitakuja kulisema siku moja mambo yakitulia. Yakatulia, nikanyamaza."

"Miaka hamsini na tatu ya ndoa," Noeline anasema polepole, "na umeniambia kila jiwe la mto ule. Hili hukunipa."

"Hili lilikuwa lake kwanza."

"Basi mpe mwenyewe."

"Atanichukia, Noeline."

"Pengine. Lakini kumwacha ajiite punda kwa kosa lako, hiyo mimi nisingemfanyia hata dada yangu. Na unamjua dada yangu."

Shayla amesimama na kamba mkononi, hajui aangalie wapi. "Jumamosi hii ana wanafunzi wapya kumi na wawili, mzee Ivor," anasema mwishowe. "Ataimba tena."

Namba ya Teoti anayo Shayla. Ivor anaandika kwenye simu kwa kidole kimoja, miwani puani. Noeline anachungulia begani.

"Anza na salamu."

"Salamu ya nini! Nimuulize habari za mifugo?"

Ujumbe wenyewe ni huu: *Teoti. Lile fundo la mtoni nilifunga mimi. Uliniuliza kama ni la kuvuta, nikasema ndiyo, na halikuwa. Mama yako nilimdanganya. Acha kujiita punda. Ivor.*

Anautuma saa mbili na dakika kumi.

Jumamosi, anasema, ataendesha gari hadi Hokitika, mwendo wa saa nne kwa spidi yake. Anataka kukaa kiti cha nyuma darasani. Teoti akitaka, atasimama mbele ya hao kumi na wawili aonyeshe fundo alilofunga na lile alilopaswa kufunga. "Akinifukuza nitarudi. Barabara naijua."

Halafu anamchuna kulungu wa Shayla, taratibu, kuanzia miguuni. Kila akibadilisha kisu anainama kuangalia simu pale juu ya gogo. Saa tano ujumbe unaonyesha umesomwa.

Saa tisa alasiri Shayla anarudi na makasha yake. Nyama iko tayari, imefungwa, jina lake juu. Anaitazama simu pale juu ya gogo, kisha anamtazama Ivor.

"Bado," anasema Ivor, na kumbebea kasha la kwanza hadi kwenye pikapu.