Nilitikisa Dawa ya Dada Yangu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitaishia kujitetea. Dada yangu alipewa dawa ya sindano, nikaambiwa nisiitikise, nikaitikisa. Nilipoulizwa, nikakana. Jina langu niacheni nalo.

Mimi ni mtu wa Bariadi. Nilikuwa mhudumu wa mifugo serikalini mpaka lilipoingia hili soko huria, tukapunguzwa kazi, majosho yakabaki makao ya mijusi. Nikafungua duka la dawa za ng'ombe hapa mjini. Watu waliendelea kuniita Bwana Mifugo, nami niliitikia kama vile bado napokea mshahara. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza!

Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Figo zake zilipoanza kuchoka, damu nayo ikawa inapungua. Akawa hawezi kubeba ndoo kutoka kisimani bila kupumzika mara tatu. Hospitali moja ya misheni ikampatia dawa ya msaada, vichupa vidogo kama kidole. Kwa kuwa nilikuwa na jokofu la mafuta ya taa na najua kuchoma sindano, nikakabidhiwa mimi.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, mwenye subira. Alitueleza sote wawili kwamba hiyo ni protini ya binadamu, ile inayouamrisha mwili utengeneze damu. Ila haikutoka kwa mtu. Kiwandani huchukua seli za mnyama mdogo jamii ya panya, wakazipa maelekezo ya mwili wa binadamu, kisha zinafugwa kwenye maji yenye chakula mpaka zitoe protini hiyo.

Niliposikia "zinafugwa", nikaona tumefika kwangu. Sikusikiliza vizuri tena.

"Protini hii imekunjwa kwa namna yake," aliendelea. "Kila mzigo hupimwa umbo lake kabla ya kutoka kiwandani. Ikikunjuka haifanyi kazi, na kwa macho huwezi kujua. Isigande, isipate joto, na msiitikise."

Baridi niliisimamia, hata soda za wateja nilizitoa jokofuni. Lakini dawa zangu nyingi za ng'ombe hutuama chini ya chupa kama tope. Usipotikisa unamchoma mnyama maji matupu. Siku ya kwanza nikashika kichupa, nikakitikisa kama mwanamke anayetikisa kibuyu cha maziwa apate siagi, mpaka povu likajaa.

"Mdogo wangu, si yule binti alisema isitikiswe?" dada akauliza.

"Dada, mimi nimechoma ng'ombe wa wilaya nzima. Huyo kasoma vitabu tu."

Akapandisha mkono wa gauni.

Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki. Sikuacha hata kichupa kimoja! Tena, jamani, nilikuwa nasubiri povu litulie kwanza, nionekane mtaalamu.

Damu haikupanda. Tukarudi hospitali. Daktari akauliza habari za jokofu, nikamweleza kwa madaha, mpaka na zile soda. Akauliza, "Na kutikisa?"

"Hapana, daktari." Likatoka lenyewe.

Akamgeukia dada. "Mama, ni kweli?"

Dada alinitazama. Loo, alivyonitazama! Kisha akasema, "Hakutikisa. Huyu ni mtu makini sana."

Daktari akaandika kwenye faili kwamba mwili wake haupokei dawa. Vichupa vyake vilivyobaki pale hospitali akapewa mgonjwa mwingine, mama mmoja wa Ipililo aliyekuwa kwenye benchi pale nje. Mimi sikufungua mdomo. Nafasi nilikuwa nayo ya kutosha kabisa, maana yule binti aliandika polepole.

Tulipotoka nikamuuliza dada kwa nini amesema vile.

"Ungeumbuka mbele ya yule binti," akajibu, akaniomba nimshike mkono ashuke ngazi.

Niliapa kurudi Jumatatu kusema ukweli. Jumatatu ikawa siku ya mnada, wateja wengi. Jumatatu iliyofuata nilikuwa na sababu nyingine, wala siikumbuki. Dada alifariki pamba ikiwa bado shambani. Yule mama wa Ipililo nilimwona baadaye mnadani, kajitwika gunia la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, anatembea harakaharaka. Nilijificha nyuma ya ng'ombe. Mungu wangu, nilimkimbia mtu kwa sababu amepona!

Baada ya matanga shemeji alikuja kwangu na mtamba mwekundu.

"Wabeja, shemeji," alinishukuru mbele ya watu. "Umemhangaikia mke wangu kwa mikono yako mwenyewe. Usikatae."

Sikukataa. Ningekataa vipi bila kusema sababu?

Ndugu zangu, mkipewa sharti la dawa lifuateni, hata kama aliyelitoa mnaweza kumzaa. Na mkiulizwa mlipokosea, semeni palepale, kabla anayewapenda hajasema uongo kwa ajili yenu. Mimi nimechelewa. Mtamba yule ameshazaa mara mbili. Watoto wa dada wakija likizo mimi huwakamulia maziwa, nao hupokea kikombe kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante, mjomba."