Foleni ya Lifti

Mhandisi anayejaribu majengo kabla hayajajengwa huvua viatu kwanza, ndipo awashe kompyuta. Ndani ya kioo chake mna hospitali nzima ya ghorofa sita, ambayo huko nje bado ni kiwanja kitupu, na wauguzi wadogo kama punje za mchele wanapita humo wakisukuma vitanda. Huwasemesha kama wanawe. "Wewe nawe, ona ulivyoziba njia!" humwambia mmoja, kisha hucheka peke yake. Vidole vyake vifupi havitulii. Akiona msongamano huigonga meza mara mbili, akafuta ukuta, akaanza upya.

Siku mkuu wa mradi alipokuja kusema kwamba michoro imeshapita na lifti moja inatosha, mhandisi hakubishana naye. Alimvutia kiti, akamkabidhi kipanya. "Karibu, bosi. Leo wewe ndiye muuguzi. Mama huyu ameshikwa na uchungu, mfikishe chumba cha upasuaji ghorofa ya tano." Mkuu akasukuma kitanda kwa mbwembwe, akakwama mbele ya lifti, nyuma ya vitanda vitatu na toroli la chakula. Dakika zikayoyoma pale kwenye kioo, na jasho likamtoka kweli kweli.

"Sasa mama wa watu ajifungulie hapa koridoni?"

"Ameshajifungua, bosi. Mtoto wa kike," alisema mhandisi, akiuma midomo asicheke.

Mkuu alifuta paji la uso, akasogeza kiti karibu zaidi. "Hebu anza upya. Weka lifti mbili. Na huyo wa chakula apite mlango mwingine!"