Fahali wa Andati na Waya wa Simu

Jairus Andati wa Shinyalu alikuwa fundi wa laini katika shirika kubwa la simu, na mtu asikudanganye, miaka ile ya tisini hiyo ndiyo iliitwa kazi! Mshahara hauchelewi, mtoto akiugua anatibiwa kwa gharama ya shirika, buti mpya kila mwaka. Juu ya hayo alikuwa na simu ya bure nyumbani. Majirani wote walipokea habari za watoto wao wa Nairobi pale pale sebuleni kwake, na birika la mkewe, Rachael, halikujua kukaa na chai.

Lakini simu ile hakupewa ajidai nayo. Alipewa ili apatikane. Wiki ya zamu ilimbidi akae karibu nayo, kuwe na harusi, kuwe na matanga. Hata mazishi ya shemeji yake aliyaacha mchungaji akiwa bado anaomba, na wakwe walimnunia mwaka mzima.

Sasa, mwaka wa 1995, zamu ikaangukia Jumamosi ambayo fahali wake, Tingisha, alikuwa anapigana kwa mara ya kwanza. Wee! Watu wa Isukha, wanaopiganisha mafahali tangu enzi za mababu, wanajua uchungu huo. Alimlea tangu ndama, akimlisha molasi na kumbembeleza kwa maneno matamu mpaka Rachael akauliza mbona yeye habembelezwi. Andati alimwomba mkubwa wake, Bwana Lusweti, ambadilishie zamu.

"Andati," Lusweti akamjibu, "nani atashika laini, ng'ombe?"

Asubuhi hiyo Protus, mdogo wake, alikuja na wapiga ngoma za isikuti kumchukua Tingisha.

"Wewe kaa na simu yako, kaka," akamtania. "Tutakuja kukuambia."

Andati akabaki sebuleni amenuna, akisikiliza ngoma zikienda zake. Roho ilimuuma, si mchezo.

Simu ikalia. Alikuwa Lusweti. "Andati! Laini inayopita kando ya uwanja wa mafahali imekufa. Chukua pikipiki, upesi!"

Alipofika alimkuta Protus ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tingisha alikuwa kando yake, anatafuna nyasi kama hajafanya lolote. Ala! Kumbe Protus alimfunga kwenye nguzo ya simu wakingoja kuitwa. Fahali aliposikia isikuti za wapinzani alivuta kamba kwa nguvu zote, nguzo ikatikisika, na waya ukakatika huko juu.

"Nilidhani nguzo za shirika hazitikisiki," Protus akajitetea.

"Unataka nimwage unga?" Andati akafoka. "Unataka watoto wangu wale nini?"

Kabla hajamaliza kufoka, Tingisha akaitwa uwanjani. Andati akatazama uwanja, akatazama nguzo. Kazi ni kazi.

"Mpeleke," akasema shingo upande, akafunga mkanda wake akapanda.

Basi huko juu, Mungu ana mambo yake! Uwanja wote ulikuwa mbele ya macho yake. Waliokuja alfajiri walisukumana chini wakitazama visogo vya wenzao; yeye aliona kila kitu. Mikono iliunga waya, macho yakawa kwa Tingisha. Alipomaliza akachomeka simu yake ya kupimia laini na kumpigia mkubwa.

"Nakupata vizuri sana," Lusweti akasema. "Ilikatwa na nini?"

Andati angeweza kusema upepo. Upepo hauitwi ofisini kujieleza. Lakini chini pale Tingisha alikuwa ameshamsukuma fahali wa Masinde, yule aliyeogopwa mpaka Khayega, na miguu ya nyuma ya mwenzake ilikuwa inateleza.

"Ng'ombe, mkubwa."

"Ng'ombe? Ng'ombe ya nani?"

Fahali wa Masinde akageuka, akatimua mbio. Uwanja ukalipuka. Andati akasahau upepo, akasahau unga, akasahau hata kwamba yuko juu ya nguzo.

"Yangu!" akapiga kelele ndani ya simu, machozi yakimtoka. "Yangu, mkubwa! Ni yangu!"