Usishonee Siku Zako Lumbesa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliingia uwanja wa kanisa pale Mjimwema na lori limejaa viazi, nikakuta watu wanarudisha sahani. Kipaimara cha binti yangu Tumaini kilikuwa kimekwisha.

Kabla hujanihukumu, nikwambie mimi ni nani. Nimeishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe mwalimu alinivusha kwa huruma. Lakini simama leo stendi ya Makambako, uliza nani anajua viazi. Utaonyeshwa nyumba yangu hata na mtu ambaye hatusalimiani. Nilianza na baiskeli, sikurithi kitu. Wenye digrii wanakuja kuniuliza mambo, nami nawajibu huku nakunywa chai yangu taratibu.

Siri yangu ilikuwa kupanga. Viazi havijapandwa Wanging'ombe, mimi nishajua nitanunua kwa nani, barabara ipi itakatika mvua zikichanganya, mteja yupi wa Dar es Salaam wa kumshika na yupi wa kuwaachia wenzangu. Nilikuwa na mpango wa masika, wa kiangazi, na wa lori likiharibika. Nyumbani sikuwa na mpango wowote. Nyumbani nilikuwa nafika tu.

Tumaini alinikumbusha mara tatu. "Baba, Jumapili saa tatu. Mzazi anasimama mbele na mtoto wake."

"Mimi nikisema nakuja, nakuja," nikamjibu.

Jumamosi viazi vikaadimika sokoni, mteja wangu mkubwa akapiga simu. Nikajiambia hizi ni safari mbili zinazoenea siku moja: nipakie mapema, nipitie kanisani, nisimame na mtoto, kisha niondoke. Nilijiona mjanja sana. Njiani gunia likapasuka, viazi vikamwagika barabarani, tukaokota na kushona upya.

Aliyesimama na Tumaini badala yangu alikuwa babu yake, Mzee Mgaya, baba wa mke wangu, mkulima wa viazi maisha yake yote. Alinipokea mlangoni kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, mkwe. Umetuletea viazi? Sisi wali tumeshamaliza."

Watu wakacheka. Nikaanza kujieleza habari za gunia.

"Lilikuwa lumbesa?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

Kama umekulia mbali na mashamba, lumbesa ni gunia lililojaa hadi mdomoni, halafu likashonewa kilemba cha wavu juu ili liingie viazi zaidi. Mnunuzi analipa gunia moja tu. Ndivyo tulivyokuwa tunanunua wote.

"Nimekuuzia lumbesa miaka mingi," akasema mzee, na sasa hakuwa anatania. "Kile kilemba kinatoka wapi?"

Nikageuka kulitazama lori.

"Kinatoka kwangu. Wewe unaona umepata cha bure, mimi najua kimetoka shambani kwangu. Sasa naona na siku zako unazishonea kilemba. Umebandika safari juu ya Jumapili, ukaona imeenea. Haikuenea. Imetoka kwa yule pale."

Yule pale alikuwa Tumaini, na gauni lake jeupe, anabeba viti kurudisha ndani. Aliponiona hakulia wala hakununa. "Shikamoo baba," akasema, akaendelea na viti vyake. Aliniamkia kama anavyoamkiwa mgeni.

Mwanangu, afadhali angenuna. Kuanzia siku ile hakuniomba kitu. Akitaka daftari, anamwambia mama yake. Nikamnunulia simu nzuri, akashukuru vizuri kabisa, akaiweka kabatini.

Siku moja mke wangu akanitazama nikilizungukazunguka lile kabati. "Huyo mteja umempoteza," akasema. "Si wewe ndiye fundi wa wateja? Mrudishe, basi."

Nikakaa kitako, nikafikiri kama ninavyofikiri msimu. Mteja aliyekukimbia humrudishi kwa zawadi. Unamrudisha kwa kufika siku uliyosema, na mzigo uliousema, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, bila kupiga kelele. Na ili ufike, lazima kuwe na mtu wa kumwambia hapana. Nikampigia yule mteja mkubwa wa Dar es Salaam, nikamwambia Jumapili sipakii tena. Akahamia kwa mwenzangu. Iliniuma, na hadi leo nikiona lori la mwenzangu huyo linapita Mahongole naangalia pembeni.

Nikaanza na ahadi ndogondogo. Nikisema nitakuja siku ya wazazi shuleni, nafika. Ikapita karibu miaka miwili. Siku ya mahafali yake ya kidato cha nne nilifika mapema mno, hata viti havijapangwa. Mlinzi akadhani nimetumwa, akanipa kazi. Mimi, mtu mwenye malori mawili, nikapanga viti. Tumaini akatokea na wenzake, akasimama.

"Baba, umekuja kwenye mahafali au umepata kibarua?"

"Nilisema nakuja."

Akachukua kiti kimoja, akakipeleka mstari wa mbele, akakifuta vumbi kwa mkono wa sweta yake. "Kaa hapa," akasema, "nikuone."

Basi, sikiliza, mwanangu. Ule ujuzi unaotumia dukani, shambani au ofisini, rudi nao nyumbani. Kabla msimu haujaanza, jiulize ni nani hutaki kumpoteza, umpangie siku yake kwanza, ndipo biashara iingie kwenye nafasi inayobaki. Usiposema hapana kwa mtu wa mbali, utakuwa umeisema kwa mtu wa karibu bila kujua. Na ukiona siku yako imebeba zaidi ya ujazo wake, usijisifu. Tafuta kilemba kimetoka kwa nani, ukamrudishie. Mimi siku hizi hata viazi nanunua kwa mizani.

Mungu akupe msimu mzuri na barabara isiyokatika. Na siku utakayofika, umkute mtu aliyekuwekea kiti, akakifuta.