Mto wa Kiti cha Nyuma

Obonyo ni mtu wa kuzunguka soko zima kwa ajili ya kitunguu kimoja, kisha arudi kwa mama wa kwanza. Kazini kwake, kiwandani Athi River, hupima saruji, na ugonjwa huo wa kupima ameuleta mpaka nyumbani. Amekaa Kitengela hadi Mmaasai akimwamkia "Supa" hujibu "Ipa" kabla hajageuka, lakini nyumba bado anapanga, kwa kuwa kila ploti anayoonyeshwa haikosi kasoro. Basi mfikirie mtu kama huyo, mwenye miaka hamsini na ushee, ameamua kununua pikipiki.

Si pikipiki ya kubeba mkaa. Alitaka kruza, ile pikipiki pana ya chini, yenye usukani uliotanuka kama pembe za ng'ombe, ambayo mtu huiendesha ameegemea nyuma, miguu mbele, wala hana haraka. Tamaa hiyo ilimwingia Kona Baridi, siku aliyosimama kununua mahindi ya kuchoma akitoka safari ya Magadi. Kando ya barabara palikuwa na kruza, na juu yake mzee na mkewe, wote wenye mvi, wanakula hindi moja kwa zamu. Mama alikuwa nyuma, kidevu amekiweka kwenye bega la mumewe, anamwonyesha kitu kule bondeni. Obonyo aliwatazama mpaka hindi lake likapoa.

Nyumbani alieleza habari za pikipiki tu. Habari za yule mama hakuzitaja, na hapo ndipo alipojiharibia. Tangu binti yao Awino aende chuo Eldoret, nyumba ilikuwa imepoa. Obonyo na mkewe, Caren, walikula wakitazama taarifa ya habari, kisha Caren akachukua uzi na sindano akafuma vitambaa vya makochi, na makochi yenyewe yalikuwa yamekwisha kuvikwa yote. Obonyo alitamani kumwambia, twende mahali, mimi na wewe, unishike kiuno. Lakini mwanamume wa umri wake huyaanzaje maneno hayo? Tena Caren aliwahi kuangushwa na bodaboda wakati wa mvua, akaapa mbele ya majirani kwamba yeye na vitu vya magurudumu mawili wameachana.

"Nunua tu, Baba Awino," Caren alisema. "Si ni yako."

Neno hilo lilimchoma Obonyo kuliko kama angekatazwa. Akaenda kuangalia pikipiki hivyo hivyo, moyo mzito na miguu myepesi.

Kwenye duka moja kando ya barabara ya Namanga alipokewa na muuzaji kijana, Irungu, mwenye maneno matamu. "Mzee wangu, hii ni mpya, haijaguswa na mtu. Iko na waranti. Ukipita nayo hapa Kitengela, mtaa yote itageuka."

Obonyo aliijaribu, maana leseni alikuwa nayo tangu ujana. Ilikuwa nyeusi, inang'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu kwenye tangi lake. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hicho hata kidonda hakikuwa nacho. Alipokaribia soko, mama mmoja mwenye gunia la sukuma wiki alimsimamisha.

"Boda, Milimani ni ngapi?"

Obonyo hakujua acheke au akasirike. Mama mwenyewe hakungoja jibu. Aliizunguka ile kruza, akafika nyuma, akakitazama kijikiti kilichokuwa pale, chembamba kama slesi ya mkate.

"Na hapa mtu anaketi wapi?" akauliza, kisha akaenda kutafuta boda ya maana. Obonyo alicheka njia nzima hadi dukani.

Kwa kuwa ni Obonyo, hakununua. Aliona tangazo la kruza ya mtumba huko Gataka, Rongai, na Jumapili baada ya ibada Caren akakubali kumsindikiza, asije akatapeliwa. Waliingia kwenye kigari chao wakapitia Isinya na Kiserian.

Mwenye pikipiki alikuwa mzee Ndeti, fundi wa umeme aliyestaafu, na mkewe aliitwa Kamene. Kruza yao ilikuwa ya kijani, tangi limechubuka, na ilipowashwa ilikohoa kwanza ndipo ikatulia. Kiti chake cha nyuma, hata hivyo, kilikuwa kipana, na kwenye chuma cha kuegemea palifungwa mto uliovikwa kitambaa cha kufuma, chekundu na cha manjano, kama wa sebuleni. Obonyo nusura acheke, akajizuia kwa heshima.

"Ni goti ya Mama ndio inaniuzisha," Ndeti alisema. "Hawezi kupandisha mguu tena. Na mimi nikienda peke yangu nafika Ewuaso Kedong, nageuza, narudi. Hakuna mtu wa kuniambia angalia pale."

"Mimi ndio nilikuwa naangalia," Kamene alisema. "Huyu alikuwa anaona lami tu."

Caren akacheka. Obonyo alikuwa hajakisikia kicheko hicho kwa muda mrefu, na kilimfurahisha hata akasahau swali alilotaka kuuliza kuhusu breki. Wanaume wakainamia injini, wanawake wakabaki nyuma wakiongea chini chini. Obonyo alipoinua kichwa alimwona Caren ametoa uzi kwenye mkoba, ameunyoosha juu ya ule mto, anaukata kwa meno. Mambo ya vitambaa, akajisemea, akarudi kwenye injini.

Walipoaga, Ndeti alimshika mkono. "Kitu moja, bwana. Ukikuja kuichukua, hiyo mto inabaki. Kwetu ukiuza ng'ombe, kamba haiendi. Mwenye kununua anakuja na yake."

"Hata kwetu ni hivyo, mzee," Obonyo alisema.

Njiani alingoja Caren aseme neno. Caren alitazama milima ya Ngong ikibaki nyuma.

"Ile ya zamani inakohoa," alisema hatimaye.

"Inakohoa kidogo tu."

"Basi chukua yenye unataka." Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Obonyo alisikia kimya tu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wiki hizo kila mtu alimchania Obonyo. Mzee wa kanisa, Githongo, alimwambia kitu cha mtu hurithiwa pamoja na magonjwa yake. Namalwa wa kazini alimwambia achukue ya mtumba, kwa kuwa atakapoiangusha hatalia sana. Obonyo alizipima pikipiki hizo mbili jinsi anavyopima saruji, na kila mara mizani iliangukia kwenye kile kiti kipana cha nyuma. Kisha akajiuliza, kiti cha nani? Kama Caren hapandi, kiti kipana ni cha kubebea upepo tu. Bora ile mpya, yenye waranti, ya mtu mmoja. Aliamua hivyo, na uamuzi wenyewe ukamtia huzuni.

Jumamosi asubuhi alivaa shati safi. Caren alikuwa sebuleni, anashonea kamba kwenye kitu alichokipakata mapajani.

"Unaenda wapi, umependeza hivyo?"

"Kwa Irungu. Nimeamua ile mpya."

Sindano ikasimama. Caren akamtazama kama anavyomtazama fundi aliyepiga rangi ukuta usio wake.

"Sasa hii nitaifunga wapi?" akauliza, akainua mto mdogo wa bluu na nyeupe, umefumwa kwa mkono, na kamba nne pembeni. "Nilipima na uzi kule Gataka. Ile kiti ya Irungu si uliniambia ni slesi ya mkate?"

Obonyo aliketi kwenye kochi bila kusogeza kitambaa chake, jambo ambalo katika nyumba hiyo haliruhusiwi. "Mama Awino, si uliapa?"

"Niliapa juu ya boda. Wewe ni boda?" Caren alirudi kushona. "Nilikuwa nangoja uniambie nipande, nikachoka kungoja. Nilidhani unatafuta ya kuenda peke yako."

"Sikuwa natafuta ya kuenda peke yangu," Obonyo alisema. Akamweleza yote, Kona Baridi, wale wazee, hindi la zamu na kidevu begani. Caren alisikiliza ameinama, akijifanya anatafuta ncha ya uzi.

"Na helmeti?" Obonyo aliuliza mwishowe.

"Nunua mbili. Yangu isiwe nyeusi."

Obonyo akatoa simu kutafuta namba ya Ndeti, akaipita mara mbili kwa kuwa macho yalikuwa yamejaa maji. Caren alikaza fundo la mwisho, akaupigapiga ule mto ukae vizuri.

"Akishika," alisema, "mwambie kamba tuko nayo."