Kompyuta Iliyosikia Baridi

Harufu yenyewe, ukishaisikia mara moja, huwezi kuisahau. Ni kama dagaa walioangukia kwenye plastiki inayoungua, na nyuma yake kuna utamu fulani usiopendeza unaokwama kooni. Mwezi wa sita uliopita niliisikia tena, hapa Mbeya, kwenye stoo ya shule ninakofundisha jiografia. Tulikuwa tunawasha kompyuta za zamani moja moja ili tujue za kutupa na za kubakiza. Mwenzangu Mwalimu Atupele, anayefundisha kompyuta, alibonyeza kitufe, feni ikazunguka kidogo, kitu kikalia pu ndani ya boksi, na ile harufu ikatoka. Yeye alicheka, akachomoa waya. Mimi nilijikuta nimeinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mtoto anayesubiri kugombezwa.

Ngoja niwaeleze, maana Atupele naye aliniuliza nina nini nikamdanganya kwamba ni vumbi.

Nimekulia Iringa, kijijini, juu kidogo ya Tosamaganga, mahali ambapo mwezi wa sita na wa saba ukitoka nje asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe ikitangulia. Baba alikuwa anatafuta dhahabu Makongolosi. Dhahabu hatukuwahi kuiona, lakini Krismasi moja alirudi na kompyuta iliyokwisha kutumika, boksi lake rangi ya maziwa yaliyokaa sana, na skrini ya chogo iliyohitaji watu wawili kuinyanyua. Mama alikuwa amewahi kujifunza kupiga chapa alipokuwa msichana. Akaiweka sebuleni kwenye meza ya pembeni, akaifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe, cheupe chenye maua ya kijani, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na wageni kila siku. Walimu walileta mitihani. Kigango, kanisa letu la kijijini, kilileta matangazo. Wenye harusi walileta kadi, wenye msiba walileta historia ya marehemu. Mama aliacha kwenda vibarua vya kupalilia mashamba ya watu. Alianza kuitwa "Mama wa kompyuta", na alipoitikia alijaribu kuficha kwamba jina limempendeza, asiweze.

Nilikuwa darasa la nne. Shuleni nilikuwa na maringo ambayo leo nikiyakumbuka natamani kujifunika shuka.

Baridi ya mwaka uliofuata ilipoingia, kompyuta ikaanza kugoma asubuhi. Mama alibonyeza, feni ikavuma kidogo, ikanyamaza, skrini nyeusi tii. Alibonyeza tena na tena. Ikifika saa tano, jua likishapiga dirishani, inawaka yenyewe bila shida, inafanya kazi mpaka jioni. Kesho yake asubuhi, vilevile. Watu waliokuja na kazi zao wakasimama kuizunguka, kila mmoja na maoni yake, na kwa muda mfupi wote wakakubaliana: inasikia baridi. Ilikuwa ni jambo la wazi kabisa. Imetoka Makongolosi, kule Chunya kwenye joto, imeletwa huku kwetu ghafla, itaachaje kuumia? Hata baba mwenyewe alipokuja kutoka kule kwenye joto alilala na koti.

Basi tukaitendea kama tunavyomtendea mgeni yeyote anayetetemeka. Tuliiletea jiko.

Kazi hiyo nilipewa mimi, na niliipokea kama cheo. Niliamka kabla ya wote, nikawasha mkaa uani, nikapepea kwa kipande cha ndoo ya plastiki mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu, kisha nikaliingiza jiko sebuleni na kuliweka karibu na boksi. Mama alikaa kwenye kiti na shuka mabegani, kidole tayari kwenye kitufe. Mwanzoni ilitosha jiko likae katikati ya chumba. Baadaye haikutosha. Mama alibonyeza, feni ikanyamaza, naye akaniambia, "Sogeza kidogo, Fausta. Bado inasikia baridi hiyo." Nilisogeza. Siku zilivyopita, ndivyo ilivyozidi kudai joto, na ndivyo mama alivyozidi kusema sogeza, hadi jiko likawa limekaa chini ya meza ileile, na ubavu wa boksi ukawa wa moto kama sufuria ya ugali. Ilikuwa inawaka, lakini. Na kila ilipowaka mama alinishika kichwa kwa kiganja, akasema bila mimi angefanyaje.

Kisha tukaambiwa askofu anakuja kutoa Kipaimara. Kigango kizima kilikuwa kinapiga deki, kinapaka chokaa, kinafanya mazoezi ya nyimbo. Mama akapewa kazi ya kuandika kitabu cha nyimbo na sala za siku hiyo, ili kipelekwe mjini kutolewa nakala, kila mtu awe na chake mkononi. Alikiandika kwa makini sana, akisoma kila mstari kwa sauti ya chini. Hakuwahi kupewa jambo kubwa kama lile. Mpaka asubuhi ya mwisho zilikuwa zimebaki kurasa chache tu.

Asubuhi hiyo ilikuwa na umande mweupe hata kwenye majani ya migomba. Niliingiza jiko, nikaliweka pale pale, mama akasema sogeza, nikasogeza. Kompyuta ikawaka. Akaandika kidogo, kisha ndani ya boksi kukalia pu, kama bisi moja ya mahindi inapopasuka, skrini ikazima, na harufu ile ikajaa sebule nzima. Mama alibaki vidole juu ya vitufe. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kando ya jiko.

Alilifunga boksi kwa shuka, tukashuka nalo mjini Iringa kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko. Fundi alilifungua, akamulika kwa tochi. Ndani kulikuwa na ubao wa kijani, na juu yake vimesimama vijikopo vidogo vya duara ambavyo mafundi huviita kapasita. Kazi yake ni kuushika umeme na kuutoa taratibu, usiruke ruke. Vya kwetu vilikuwa vimetuna juu kama maandazi, vingine vimepasuka, vimetoa utomvu wa kahawia uliokaukia hapo hapo.

"Zimevimba hizi," fundi alisema. "Joto, mama. Kwani mlikuwa mnaiweka wapi?"

Mama aligeuka akanitazama. Sikumbuki kama alikuwa na hasira. Nakumbuka tu kwamba alinitazama, na fundi naye akanitazama, na nikajua mwenye kosa ni nani. Fundi alisema itamchukua muda kupata kapasita nyingine, na kwamba maandishi yapo salama ila hawezi kuyatoa kabla hajaiponya. Jumapili ilifika bila kitabu. Waimbaji waliimba wimbo mmoja, waumini wa nyuma wakaimba mwingine, na askofu akasubiri kwa adabu mpaka walipokutana kwenye amina.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwetu, kwa kuwa zamu ilikuwa yetu. Majirani walijaa sebuleni, wengine wakakaa kwenye mikeka, na ile meza ya pembeni ilikuwa tupu, kitambaa kimekunjwa juu yake. Baada ya sala mwenyekiti, Mama Osmunda, aliuliza kama ilivyo desturi kama kuna mwenye neno. Mama akasimama. Akasema anaomba radhi kwa aibu iliyolipata kigango mbele ya askofu. Akasema kompyuta iliungua kwa sababu mtoto alisogeza jiko karibu mno. Kisha akanigeukia akaniambia nisimame, niwaombe watu msamaha.

Nilisimama. Nilikuwa nimevaa sweta la shule lenye tobo kwenye kiwiko, na nakumbuka nililishika lile tobo kwa mkono wa pili ili lisionekane, kana kwamba hilo ndilo lililowaleta watu. Nilisema, "Naombeni mnisamehe, mimi ndiye niliyeunguza kompyuta." Wakasema wamenisamehe, wakanipigia makofi. Watu wazima wanadhani makofi yanamaliza jambo. Jumatatu shuleni nilikuwa naitwa Jiko, na jina hilo halikuniacha mpaka nilipomaliza la saba. Hata nilipokwenda kitubio niliitaja dhambi hiyo. Padre akaniuliza kompyuta inavimbaje, nikamweleza, akanipa Salamu Maria.

Jambo moja nataka mlielewe: sikuona kwamba nimeonewa. Nilisadiki. Lile neno "sogeza" lilikuwa limefutika kichwani mwangu kabisa. Nililiona jiko, nikaiona mikono yangu, basi.

Mama alikwenda peke yake kuichukua kompyuta. Ilirudi na kapasita mpya, ikawa inawaka asubuhi ya baridi kali bila jiko wala shuka. Watu wakamsifu fundi. Lakini tangu siku hiyo mama hakuniruhusu kuwasha jiko tena. Sio la kompyuta tu, hata la chai. Yeye ndiye aliyeamka kabla ya wote, akatoka uani kwenye umande, nikamsikia akipepea na kukohoa. Nikijaribu kumtangulia ananiambia nirudi kulala. Wenzangu wote walikuwa wanawasha majiko kwao. Mimi nililala kwenye blanketi la joto nikiungua kwa fedheha. Nilijua maana yake. Mtoto yule haaminiki na moto. Ikaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka nikaenda sekondari ya bweni, na kila likizo nilirudi nikakuta hukumu ni ileile.

Sasa rudini nami kwenye stoo. Atupele alifungua lile boksi lililolia pu, nikaona maandazi yale yale. Akafungua jingine, yapo. La tatu, yapo. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuweka jiko humu ndani. Akanishangaa. Akasema kompyuta za miaka ile nyingi zilikuwa na kapasita mbovu tangu kiwandani, zinajifia zenyewe, na dalili ya kwanza ndiyo hiyo: baridi ikiwa kali haiwaki, ikipata joto inawaka. "Ukiona hivyo ujue ugonjwa umeshaingia siku nyingi," alisema. "Joto linaisaidia kuwaka, na huku linazidi kuimaliza." Nilikaa juu ya boksi bovu. Na hapo, baada ya miaka yote hiyo, ndipo sauti ya mama iliponirudia na shuka lake mabegani: sogeza kidogo, Fausta.

Sitawaficha kwamba nilikasirika. Likizo ya mwezi wa sita nilipanda basi kwenda Iringa nimeyapanga maneno yangu yote. Nilifika jioni, nikamwamkia mama, tukala, nikashindwa kuyasema. Asubuhi nilisikia kupepea uani. Nikatoka. Alikuwa ameinama juu ya jiko, mgongo umepinda kuliko nilivyouacha, kichwa amekifunga kitenge, makaa yanaanza kushika. Nikamweleza habari ya stoo, nikiwa nimesimama. Nikamwambia kapasita zilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Hakuacha kupepea. "Najua," alisema. "Fundi aliniambia siku ile nilipokwenda kuichukua. Alisema zinamjia nyingi za hivyo, hata za maofisini. Alisema jiko liliharakisha tu." Akapepea tena. "Na jiko ni mimi niliyekuwa nasema lisogezwe. Hilo sikuhitaji fundi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningeanzaje, mwanangu? Nilikuwa nimeshakusimamisha mbele za watu. Kila jumuiya nilijiambia leo nitasema. Mama Osmunda akiuliza nani ana neno, miguu inakataa." Alifuta macho kwa pindo la kitenge, na moshi ulikuwa umeshakwisha. "Nikaona angalau usitoke tena kwenye baridi hii kwa ajili yangu. Moto niuwashe mwenyewe."

Nilikuwa nimekuja na hasira na sasa sikuwa na pa kuiweka. Miaka yote ile niliyolala kwenye blanketi nikijiona mtoto asiyeaminika, yule aliyekuwa uani akikohoa ndiye aliyekuwa anaona aibu, na alikuwa amechagua adhabu yake bila kumwambia mtu. Nami nimesafiri kutoka Mbeya kuja kumfumania nayo. Niliona haya kuliko siku ile ya sweta lenye tobo, maana siku ile angalau nilikuwa mdogo.

Makaa yalipokuwa mekundu, mama alijaribu kuliinua jiko, akasita, akalirudisha chini. Akasogea pembeni.

"Liingize wewe," alisema.

Nililishika kwa vitambaa nikaingia nalo sebuleni. Nikasimama katikati ya chumba, joto likinipiga magotini, nikamuuliza niliweke wapi.

"Weka popote unapoona panafaa," mama alisema.

Nililiweka karibu na kiti chake, akaja akakaa.