Programu ya Zamani Haizimwi Kesho

Nilipostaafu nilirudi kijijini kwetu Chome nikidhani nimemalizana na kompyuta. Kwa miaka mingi nilikuwa mmoja wa walioandika programu ya kusoma alama zinazoachwa na chembe, ndogo kuliko atomu, zinapogonganishwa kwenye mtambo huko ng'ambo. Programu huunganisha alama hizo nukta kwa nukta mpaka njia ya kila chembe ionekane. Namshukuru Mungu kwa kazi ile, ilinifundisha kusubiri.

Mwaka jana mtambo uliboreshwa, migongano ikawa mingi kuliko programu yetu ilivyoweza kumeza. Vijana wakaandika mpya, kisha wakaniita kikaoni kwa mtandao niidhinishe, kama mmoja wa waandishi wake, kufutwa kwa ya zamani.

"Shikamoo mzee," alisema kiongozi wao, Mtanzania niliyemfundisha zamani. "Mpya inakimbia kweli. Ile yako tunaizima kesho."

"Marahaba. Haizimwi."

"Mzee, hiyo imechoka. Kwa nini msistaafu pamoja?"

Wenzake wakacheka.

"Mimi nilipewa barua. Yenyewe haijapewa."

Nikawaeleza tunavyofanya huku. Tukichimba mfereji mpya kutoka kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, watu huja msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na majembe yao, wana hamu ya kufukia wa zamani wamalize kazi. Wazee hukataa. Kwanza maji yafike shamba la mwisho.

"Pitisheni data ileile kwenye programu zote mbili," nikasema. "Bila hivyo sisaini, hata mniite mara saba."

Walinuna, lakini walifanya. Majibu hayakulingana. Mpya ilikuwa ikizitupa chembe za mwendo mdogo, zile ambazo njia zao hupinda sana, ikidhani ni uchafu wa vipimo. Ya kwetu nayo, Mungu anisamehe, ilihesabu baadhi yake mara mbili. Sehemu ile niliiandika mimi, nywele zangu zikiwa bado nyeusi.

"Sasa mzee, tusemeje?" kiongozi aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Semeni kweli. Kosa langu litangulie."

Rafiki mmoja alinishauri nilipitishe kimya, nilinde heshima yangu. Nilikataa. Tungefuta siku ile, makosa yote mawili yangebaki yamejificha, na watu wangejenga elimu juu yake.

Ninapoandika haya zote mbili zinafanya kazi, huku zikirekebishwa. Juzi kiongozi aliniuliza tena tarehe ya kuzima ya zamani. Nilimjibu kwamba tarehe sina, nina sharti: zilingane.